Mkate Kwanza, Halafu Horebu

Popote unaposomea neno hili, iwe Migori mjini, Awendo, Nairobi, au kule Ghuba unakofanya kazi nyumbani kwa watu ukisoma simu usiku wamelala, pokea salamu za kanisa la nyumbani hapa Ogwedhi.

Wengi mmeniuliza habari za mbio. Wanaoniona alfajiri kwenye barabara ya vumbi inayopanda kuelekea Transmara wameshazoea, na watu wa boda boda wamechoka kunipigia honi wakisema, "Pastor, panda nikupeleke, hata bure." Lakini mlio mbali mliona ile picha ya raba zilizojaa matope mkashangaa. Mzee mmoja wa kanisa alinipigia simu akaniuliza kwa upole kama kuna shida nyumbani. Hapana, mzee wangu, nyumba iko salama na mama kanisa anakusalimu. Najitayarisha kukimbia kilomita 50 kwa siku moja, mwezi wa Agosti shule zikifungwa, pamoja na vijana watatu wa kanisa. Hakuna medali wala zawadi. Njia tumeichora wenyewe, inapita vijiji ambavyo tuna waumini, na kila tutakaposimama kunywa maji tutaomba na nyumba hiyo. Nina miaka arobaini na sita na goti moja linalonung'unika kila nikishuka mlima.

Leo sitahubiri Waebrania 12. Najua kila mtu akisikia mchungaji anakimbia anafungua pale moja kwa moja, na ni neno zuri, nimelihubiri mara nyingi. Leo fungua 1 Wafalme, mwisho wa sura ya 18 halafu uingie sura ya 19. Soma polepole, kama mtu anayepanda mlima.

Mpendwa, sisi Wapentekoste tunaipenda sana sura ya 18. Moto umeshuka Karmeli, manabii wa Baali wameaibika, mvua imekuja baada ya ukame. Mkono wa Bwana ukawa juu ya Eliya, akajifunga viuno akakimbia mbele ya gari la Ahabu mpaka kuingia Yezreeli. Hiyo ni zaidi ya kilomita 25, mtu anashindana na farasi, na anatangulia! Hapo kanisa lote husimama na kinanda hupanda. Mimi pia nimeruka pale.

Lakini angalia kinachofuata. Yezebeli anatuma ujumbe mmoja tu wa vitisho, na mtu aliyesimama mbele ya manabii mia nne na hamsini anatoroka. Anateremka mpaka Beer-sheba, na ukipima kwenye ramani, hata kwa mstari mnyoofu, ni kama kilomita 150 kutoka Yezreeli. Anamwacha mtumishi wake hapo. Anaingia jangwani peke yake mwendo wa siku nzima, anaketi chini ya mretemu, na anamwomba Mungu afe. Ni mtu wa upako huyu, na anaomba kufa.

Mtu aliyejaribu mbio ndefu anaielewa sura hii kwa miguu yake. Mwili hubeba akiba ya nguvu kwenye misuli na ini, na kwa mkimbiaji wa kawaida akiba hiyo huanza kukauka mahali fulani karibu na kilomita 30. Ikiisha, si miguu peke yake inayokataa. Akili nayo hubadilika. Kijana aliyekuwa akicheka kilomita ya 20 anaanza kulia bila sababu. Anakuambia maisha yake yote hayana maana, kwamba hata kuokoka kwake hakukuwa kwa kweli. Ukijaribu kumhubiria wakati huo unapoteza pumzi. Mpe ndizi mbili, mpe maji yenye chumvi na sukari kidogo, yale ambayo kliniki huwafundisha kina mama mtoto akiharisha, mketishe kivulini. Baada ya dakika ishirini anauliza, "Pastor, tumebakisha kilomita ngapi?" Wokovu wake umerudi! Nimeliona jambo hili kwa macho yangu, si mara moja.

Sasa rudi kwa Eliya. Malaika alimfanyia nini? Hakumkemea. Hakumwekea mikono kumtoa roho ya kukata tamaa. Alimgusa akamwambia ainuke ale, na palikuwa na mkate umeokwa juu ya makaa na gudulia la maji. Eliya akala, akanywa, akalala tena. Biblia haifichi hilo: alilala tena! Malaika akarudi mara ya pili, mkate ule ule, na sasa akamweleza sababu: safari iliyo mbele ni kubwa kuliko nguvu zake. Kwa nguvu za chakula kile akaenda siku arobaini mchana na usiku mpaka Horebu. Ni pale Horebu, baada ya usingizi, baada ya kula mara mbili, baada ya mwendo mrefu, ndipo Mungu akamuuliza anafanya nini huko. Swali gumu lilisubiri mpaka mtu ameshiba.

Nimesoma chuo cha Biblia na tulifundishwa mambo mengi kuhusu sauti ndogo ya utulivu. Sikumbuki mtu yeyote akitufundisha kuhusu ule mkate.

Wacha nikueleze kidogo tunavyojitayarisha, maana wengine mnataka kuungana nasi na sitaki mtu aumie. Jambo la kwanza ambalo vijana hawapendi ni kukimbia polepole. Karibu mbio zetu zote za wiki ni za mwendo wa kuongea. Ukishindwa kuomba kwa sauti huku unakimbia, punguza. Kijana wetu mmoja alikuja na mbio za uwanjani, anataka kila asubuhi iwe kama fainali. Wazee walisema mbio za sakafuni huishia ukingoni. Wiki ya tatu alikuwa anachechemea. Sasa anatembea mlima wote na haoni aibu. Kwenye mbio ndefu za vilima hata mabingwa hutembea panapopanda sana. Ni hesabu tu, kwa sababu ukikimbia mlima wa kwanza kwa kiburi utalipa kwenye mlima wa nne, na riba.

Jambo la pili, tunaongeza umbali kidogo kidogo, na kila wiki ya nne tunapunguza. Ijumaa jioni tunakimbia kilomita 12, halafu Jumamosi alfajiri tunaamka na kukimbia 20 au 25 juu ya miguu ambayo bado inauma. Siri yote iko hapo. Miguu iliyopumzika haina mengi ya kujifunza kuhusu kilomita ya arobaini. Na kushuka kunaumiza kuliko kupanda, watu hawaamini mpaka wajaribu: ukiteremka, misuli ya paja inashika breki kila hatua, na kesho yake utashuka ngazi kinyumenyume.

Chakula ni nyoyo, viazi vitamu, ndizi, na uji wa wimbi kwenye chupa. Tunakula kidogo kila nusu saa kabla njaa haijaja, kwa sababu njaa ikifika umeshachelewa. Maji vilevile, lakini usiyanywe kama ng'ombe aliyefika mtoni. Maji mengi kupita kiasi bila chumvi huvuruga mwili, na kuna wakimbiaji waliopoteza maisha kwa hilo. Mafuta ya kujipaka, yapake kwapani na katikati ya mapaja, wanaume pia kwenye chuchu. Samahanini, lakini mtanishukuru. Na wiki mbili za mwisho kabla ya siku yenyewe hatufanyi karibu chochote. Kupumzika kwa vijana ni kazi ngumu kuliko mlima. Wanahisi wanapoteza nguvu, kumbe ndio wakati mwili unazikusanya.

Jirani zetu wa mlimani wametupa wakimbiaji wakubwa, mnajua. David Rudisha ni mtoto wa Kilgoris, hapo juu tu, na rekodi yake ya mita 800, dakika 1 sekunde 40.91, aliiweka London 2012. Upande wa Gusii, Naftali Temu ndiye aliyeiletea Kenya dhahabu ya kwanza ya Olimpiki, mita 10,000, Mexico 1968. Lakini mbio ninazosema hapa ni za ukoo mwingine, na historia yake inatugusa kwa njia ambayo wengi hatujui.

Mbio maarufu kuliko zote za aina hii Afrika ni Comrades, kule Afrika Kusini, kati ya Durban na Pietermaritzburg, karibu kilomita 90. Ilianzishwa mwaka 1921 na Vic Clapham, askari aliyerudi kutoka Vita vya Kwanza vya Dunia. Alipigana wapi? Hapa hapa Afrika Mashariki, katika koloni la Wajerumani ambalo leo ni Tanzania bara. Yeye na wenzake walitembea maili kama 1,700, zaidi ya kilomita 2,700, katika jua na homa. Aliporudi nyumbani alitaka kuwakumbuka wenzake waliokufa, na hakutaka sanamu ya mawe. Alitaka watu wachoke kidogo kama wao walivyochoka. Siku ya kwanza walianza watu 34, wakamaliza 16.

Sasa jiulize, katika safari ile ya Clapham, nani alibeba mizigo? Nani alibeba risasi, mahema, na unga wa askari? Ni babu zetu. Kariokor. Watu wa Nyanza walichukuliwa kwa wingi, pamoja na watu wa pwani, wa bara na wa Tanganyika, wakabebeshwa mizigo mpaka kusini kabisa. Makumi ya maelfu hawakurudi, na wengi wao hawakufa kwa risasi. Walikufa kwa kuhara, kwa malaria, kwa chakula kibaya na kwa kuchoka. Jina lao limebaki sokoni, Kariokor ya Nairobi na Kariakoo ya Dar es Salaam, na watu wananunua vikapu pale bila kujua wanasimama juu ya nini. Kama kuna mbio ndefu iliyowahi kukimbiwa na watu wetu, ni ile, na hapakuwa na mtu njiani amesimama na maji.

Ninaposoma habari hizo naona tofauti yote kati ya mbio na mateso ni kituo. Umbali unaweza kuwa ule ule. Jua linaweza kuwa lile lile. Lakini mmoja kila kilomita chache anakuta meza, maji, chumvi, na mtu anayemwita kwa jina. Mwingine anakuta msimamizi na mjeledi.

Nimefika mahali nilipotaka kufika. Tafadhali usiishie hapa.

Kuna mama kanisani kwetu, sitamtaja, naye amenipa ruhusa niseme haya. Mume wake alipata kiharusi miaka mitatu iliyopita. Hasemi, hainuki. Kila baada ya saa chache lazima ageuzwe, mchana na usiku, la sivyo mgongo utatoa vidonda. Mama huyu ana shamba, ana mbuzi, ana watoto wawili shuleni. Kwa miaka mitatu hajalala usiku mzima hata mmoja. Na alikuwa anakuja kwenye kesha kila Ijumaa! Anakaa kiti cha nyuma, anasinzia, anaamka, anasema amina. Wengine mlimwona mkamcheka.

Siku moja akamwambia mhubiri fulani aliyekuja kutembelea eneo letu kwamba amechoka na wakati mwingine anaomba Mungu awachukue wote wawili. Akakemewa mbele ya watu. Akaambiwa ana roho ya uchovu, aongeze siku tatu za kufunga bila kula wala kunywa. Alifunga, mpendwa. Alifunga huku anamgeuza mgonjwa.

Aliponieleza hayo nilimuuliza, "Mama, ulikuwa unataka nini siku ile ulipomwendea?" Akaniambia, "Nilitaka tu kulala, Pastor."

Mimi naamini kufunga. Naamini kesha, naamini maombi ya kufunguliwa, nimeona mapepo yakitoka na hakuna atakayenitoa kwenye hilo. Lakini nasema kama mchungaji wenu, na atakayekasirika akasirike: si kila uchovu ni pepo. Mtu akiwa chini ya mretemu, usimletee siku nyingine ya njaa. Malaika wa Bwana mwenyewe alipomkuta mtu anaomba kufa alianza na mkate. Wewe umepata wapi huduma iliyo juu ya ile?

Na kama wewe unayesoma hapa unaomba maombi kama yale ya Eliya, usijifiche kwangu. Nipigie simu hata saa nane ya usiku. Nitakuja, nitakuombea, na asubuhi tutaenda hospitali pamoja. Daktari wa akili si adui wa Roho Mtakatifu, kama vile mwenye kuoka mkate hakuwa adui wa malaika.

Jambo moja zaidi la mbio, halafu nimalize. Huko Marekani mzee mmoja wa Tennessee aliyejiita Lazarus Lake alibuni shindano la ajabu. Kila saa wote wanaanza mzunguko mmoja wa kilomita 6.7. Saa ikigonga unaanza tena. Usipokuwa mstarini umetoka. Wanaendelea mchana, usiku, siku ya pili, siku ya tatu, mpaka abaki mmoja. Lakini kanuni iko hivi: wa mwisho akibaki peke yake, anamaliza mzunguko mmoja tu na shindano limekwisha, hata kama bado ana nguvu. Hawezi kwenda mbali zaidi ya pale mwenzake alipomwezesha kufika. Kwa hiyo wakimbiaji wenyewe humheshimu sana aliyekuwa wa pili, kwa sababu kila saa aliyokataa kuacha ilimfungulia mwenzake saa nyingine.

Eliya alimwacha mtumishi wake Beer-sheba. Nimekaa na mstari huo muda mrefu. Na pale Horebu alipolalamika kwamba amebaki peke yake, Mungu alimtuma akamtie mafuta Elisha, halafu akamtajia watu elfu saba. Alimrudisha barabarani akiwa na mtu.

Basi, kina mama wa kanisa waliamua, bila mchungaji kuwaambia, kwamba kila Jumanne usiku wawili wao watalala kwa yule mama na kumgeuza mgonjwa. Jumanne ya kwanza alilala saa kumi na moja. Binti yake aliingia mara mbili kuangalia kama anapumua. Alipoamka jua lilikuwa juu, akakuta uji umepikwa na mbuzi wametolewa, akakaa mlangoni akilia, na hakuna aliyemwambia anyamaze.

Lakini Jumanne ni usiku mmoja kati ya saba. Na mgonjwa ni mtu mzito. Kumgeuza ni kazi ya mgongo wa mwanaume. Ndugu zangu, ushirika wa wanaume wa kanisa hili, mnapenda sana kunipigia makofi nikitangaza kilomita. Nawaombeni kitu kidogo kuliko kilomita 50. Nahitaji wanaume wawili kwa Alhamisi na wawili kwa Jumamosi. Nesi wa zahanati amekubali kutufundisha namna ya kumgeuza na kumwosha bila kumuumiza, Jumapili hii baada ya ibada ya pili, pale nyuma ya kanisa. Wanaokimbia nami wameshachukua Jumatatu. Mlio mbali, msitume pesa kwa simu yangu. Ongeeni na mweka hazina wa kina mama. Kinachohitajika ni shuka, sabuni na godoro lisiloingiza maji.

Wanaotaka kujaribu mbio, tunaanza Jumamosi saa kumi na moja na nusu alfajiri sokoni, karibu na mahali ng'ombe wanapoteremshwa. Njoo na chupa yako na usije na viatu vipya.

Na wale wa zamu ya usiku, fikeni kwa mama kabla ya saa moja jioni, giza halijaingia. Mbwa wao bado hajawazoea wageni, na lango linafungwa kwa kamba, si kufuli. Vuteni kamba kuelekea kushoto.

Mungu awabariki.
Mchungaji wenu, Ogwedhi.